Tawanyikeni

Tarehe 3 Machi

Kwa Mzee Mkalimani,

Salamu. Mwandiko huu huujui, maana hatujawahi kuandikiana, lakini sura yangu nadhani unayo. Mimi ni mjane wa yule fundi wa msumeno aliyepotea kwenye msitu wa kampuni ya mbao, miaka kumi na moja iliyopita. Watu wananiita Mama Pacha. Siku ya mazishi ulisimama nyuma kabisa, karibu na lori, kofia mkononi. Nilikuona.

Anwani yako nimepewa na karani wa zamani wa kampuni. Alinipa na namba ya simu, lakini sikutaka kupiga. Kwenye simu mtu hujibu la kwanza linalomjia mdomoni. Nataka ukae, ufikiri, ndipo ujibu.

Kampuni inafunga virago. Karani aliagizwa achome mafaili yote, akaliona la mume wangu, roho ikamsuta, akaniletea nyumbani ndani ya mfuko wa saruji. Mna taarifa ya kurasa mbili, Kiingereza kitupu, na sahihi ya meneja mgeni chini yake. Kiingereza changu mimi ni cha maandishi ya kwenye madebe ya sabuni, kwa sababu mimi ni dobi wa hospitali. Nikampa binti yangu anisomee, yuko kidato cha pili. Alikwenda vizuri mpaka mstari mmoja, akakwama. Imeandikwa kwamba wafanyakazi waliambiwa "spread out", na badala yake wakaondoka zao.

Akafungua kamusi ya shule. "Mama, hapa wanasema ni kutandaza."

"Kutandaza nini, shuka?"

"Shuka, au siagi kwenye mkate. Tena kuenea. Tena kutawanyika."

Nikamwambia afunge kamusi.

Mzee, siku ile wewe ndiye uliyekuwa mdomo wa meneja. Yeye alisema kwa lugha yake, wewe ukasema kwa yetu. Naomba uniambie neno hilo maana yake hasa ni nini, na limetoka wapi. Sitafuti kesi. Natafuta kuelewa.

Ni mimi,
Mama Pacha

*

Tarehe 14 Machi

Mpendwa Mama Pacha,

Barua yako imenifikia salama, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Pokea pole zangu, ingawa zimechelewa mno. Mumeo nilimfahamu kama mtu mpole, mwenye bidii, asiyependa makuu.

Umeuliza swali zuri, na kwa bahati umemuuliza mtu ambaye siku hizi kazi yake ni maneno. Nilipoacha kampuni nilipata nafasi kwenye ofisi ndogo ya tafsiri. Tuko watatu katika chumba kimoja chenye meza mbili na birika la chai, tunasahihisha kamusi za shule. Huenda hata hiyo ya binti yako imepita mikononi mwangu.

Neno hilo ni la zamani sana. Waingereza wamelitumia tangu enzi ambazo mtu wa leo hawezi kuwaelewa wakisema. Kwanza lilimaanisha kunyoosha kitu kilichokunjwa, kukilaza wazi, kama shuka ulivyosema. Kisha likabeba kuenea, kama maji sakafuni au uvumi mtaani. Ndege akikunjua mabawa, neno ni hilo. Mtu akipaka siagi, ni hilo. Ugonjwa ukisambaa, ni hilo pia. Wanaochimba historia ya lugha hulifikisha mbali zaidi, kwenye mzizi wa kale sana uliomaanisha kutawanya, kama mkulima anavyorusha mbegu shambani. Wanasema mzizi huohuo umezaa maneno ya kupanda na kuchipua katika lugha nyingi za Ulaya.

Kwa hiyo utaona kwamba tafsiri zake ni nyingi, na kutawanyika ni mojawapo, tena si ya pembeni. Inategemea nani anasema, wapi, na kwa nini. Mkalimani hana nafasi ya kufungua kamusi akiwa amesimama juu ya lori.

Natumaini nimekusaidia. Msalimie binti yako, mwambie asichoke kusoma.

Wako,
Mkalimani

*

Tarehe 22 Machi

Mzee Mkalimani,

Asante kwa mabawa ya ndege na siagi. Binti yangu amefurahi, amenakili kwenye daftari lake. Pacha wake wa kiume akauliza kwa nini mzee huyu anaandika kama anayesimamia mtihani.

Lakini mimi nimeisoma barua yako nikiwa kazini, mashine zikizunguka, na nimegundua kwamba umenipa kila maana ya neno hilo isipokuwa ile ya siku ile. Ni kama nimekuuliza mtoto wangu yuko wapi, ukanieleza watoto huzaliwaje.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda hulijui. Mume wangu alikuwa na mdogo wake, naye alikuwa mmoja wa wale waliotoka kumtafuta. Mrefu, mwenye pengo la mbele. Usiku ule kaka yake amelala korongoni na mguu uliovunjika, yeye alikuwa nyumbani kwake, kitandani. Baada ya mazishi alikuja kwangu akasimama mlangoni. Alisema maneno matatu tu: "Shemeji, tuliambiwa tutawanyike." Nikamwambia, "Kaka yako yumo msituni, mtu anakwambia nenda nyumbani, na wewe unakwenda?" Nikafunga mlango.

Miaka kumi na moja, Mzee. Anaishi mitaa miwili kutoka kwangu, anatengeneza baiskeli chini ya kibanda cha mabati. Nikipita natazama mbele. Kila shule zinapofunguliwa alikuwa akituma madaftari kwa jirani, na mimi nikiyarudisha kwa jirani huyohuyo. Mwaka wa nne akaacha kutuma. Watoto wangu wanamjua kama fundi baiskeli, basi.

Ndiyo maana nauliza. Mbegu haiambiwi iende nyumbani. Meneja alitaka watu wafanye nini, na wewe uliwaambia wafanye nini? Nijibu hayo mawili tu. Uliyotoa kwenye vitabu yaache hukohuko.

Mama Pacha

*

Tarehe 6 Aprili

Mama Pacha,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa ndefu.

Saa kumi jioni tulikuwa kwenye barabara ya magogo, watu wapata sitini, ukungu umeshuka mpaka kwenye vichwa vya miti. Mumeo alikuwa hajaonekana tangu asubuhi. Meneja alipanda nyuma ya lori, nami nikapanda na kipaza sauti. Alisema watu waachane, kila mmoja hatua kumi kutoka kwa mwenzake, wafanye mstari mmoja mpana, waingie msituni wakielekea korongoni, wakimwita. Hayo yote aliyasema kwa mikono. Kwa mdomo alisema maneno mawili, yale uliyoyasoma kwenye faili.

Mimi nikasema: "Tawanyikeni!"

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Kila jioni, baada ya kuita majina, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaruhusu wafanyakazi warudi makwao. Neno langu la kuwaruhusu lilikuwa hilohilo. Miaka mitano, siku sita kwa wiki, lori lilelile, kipaza sauti kilekile. Wakisikia "tawanyikeni", wanachukua makoti yao. Na ndivyo walivyofanya. Wengine waliniangalia kwanza, kisha wakashuka kuelekea makambini. Nilidhani wanazunguka ili waingie kwa upande wa chini. Kwa ukungu ule sikuona vizuri. Nilikuja kujua kesho yake tu, dereva wa trekta alipompata.

Mahali alipopatikana palikuwa hatua mia tatu kutoka kwenye lori. Nilikwenda baadaye nikazihesabu. Daktari alisema alikata roho karibu na alfajiri.

Nilikimbilia kamusi, si kwa mapenzi. Nilitaka kupata kitabu kitakachoniambia kwamba sikukosea. Nilipofika kwenye ule mzizi wa kutawanya mbegu nilifurahi kama mtu aliyepata shahidi. Nimeishi na shahidi huyo muda mrefu. Barua yako imemfukuza.

Shemeji yako alikwambia kweli. Naomba umpelekee barua hii aisome.

Nisamehe kama unaweza.

Mkalimani

*

Tarehe 19 Aprili

Mzee Mkalimani,

Nilimpelekea.

Nilikwenda Jumamosi mchana, nimetoka kazini, mikono inanuka jiki. Alikuwa amepindua baiskeli, anakaza nyororo. Aliponiona alisimama, halafu akakaa, halafu akasimama tena. Nikampa barua yako. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akaenda kusomea mwangani. Anasoma polepole, midomo ikitembea. Alipomaliza akairudia kuanzia mwanzo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, alie au anifukuze. Nilistahili kufukuzwa.

Badala yake akaniuliza, "Hii ndiyo yote?"

"Yote. Kwani?"

"Ukurasa mwingine haukudondoka?"

"Haukudondoka. Shemeji, sema."

Akasema, "Sikuondoka hivihivi. Wenzangu waliposhuka mimi nilirudi mpaka kwenye lori. Nilimshika suruali huyu bwana, yeye yuko juu, mimi chini. Nikamwambia, ndugu yangu bado yumo ndani, tunatawanyika vipi? Muulize tena meneja. Akaniambia, 'Umesikia amri. Nenda.'"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hilo siku ile alipokuja mlangoni.

"Ungeniamini?"

Nikatikisa kichwa.

"Tena shemeji," akasema, "hata kama aliniambia hivyo, miguu ilikuwa yangu. Yeye hakunibeba. Nilikwenda mwenyewe."

Mzee, nilipopata barua yako nilikuonea huruma. Nilikwenda kulala nikisema, masikini, amebeba mzigo peke yake. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba nimekusamehe. Karatasi hiyo nimeichana. Ulikosea neno, hilo nalielewa. Mimi mwenyewe nimewahi kupeleka mashuka ya wodi ya wazazi chumba cha upasuaji. Lakini mtu alikuja akakushika suruali akakwambia umekosea, na hilo hukuliandika. Uliandika ukungu.

Kuna lingine gani uliloacha?

Mama Pacha

*

Tarehe 27 Aprili

Mama Pacha,

Ni kweli. Alinishika suruali. Mguu wa kushoto.

Sikumuuliza meneja kwa sababu hii, na ni ndogo mpaka naona haya kuiandika. Asubuhi ya siku ile, ofisini, nilimwomba arudie sentensi moja. Akanicheka mbele ya makarani wote. Akasema kama masikio yangu yamechoka atatafuta mwenye masikio mapya. Makarani nao wakacheka. Basi jioni shemeji yako aliponiambia muulize tena, nililisikia lile neno "tena" na mwili wote ukakataa. Nilijua. Nilipomtazama usoni nilijua kwamba wameelewa vibaya. Nikamwambia aende.

Na la mwisho, ambalo hata mke wangu hajui. Baada ya muda meneja aliinua kichwa kutoka kwenye ramani yake, akaona barabara iko tupu. Akaniuliza wale watu wanakwenda wapi. Ningesema, "Nimekosea, ngoja niwaite," wangerudi. Walikuwa hawajafika hata kwenye kituo cha maji. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia wamegoma. Nikasema wanadai mvua inakuja na wamechoka.

Akaamini. Akaandika hivyo. Wiki iliyofuata watu kumi na wanne walifukuzwa kazi kwa kumtelekeza mwenzao, na shemeji yako alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Aliyeisoma orodha hiyo kwa kipaza sauti ni mimi.

Sikuombi msamaha tena. Niliuomba mapema, kabla sijafika kwenye kosa lenyewe. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mkalimani

*

Tarehe 4 Mei

Mzee,

Njoo. Jumamosi ya tarehe 17, saa nane mchana, sebuleni kwangu. Shemeji atawaita wote walio karibu. Useme mwenyewe, kwa mdomo wako, bila karatasi. Uje na barua kumi na nne zenye sahihi yako, kila moja na jina la mtu wake, zikieleza kwamba hawakugoma. Kampuni inaondoka, najua. Barua si za kampuni. Ni za kuwekwa kwenye makabati ya watu.

Usipokuja nitaelewa, na nitajua la kufanya na barua zako hizi nilizonazo.

Mama Pacha

*

Tarehe 26 Mei

Mzee Mkalimani,

Uliondoka bila kunywa chai, kwa hiyo nakuandikia kukwambia yaliyofuata. Nadhani una haki ya kuyajua, ingawa sina hakika sana na neno haki.

Baada ya wewe kutoka, watu walichukua barua zao mezani. Saba walikuwepo, uliwaona. Yule dereva wa trekta aliyekuuliza, "Ulikuwa unamwogopa yeye, au ulikuwa unatudharau sisi?" na wewe ukafungua mdomo pasitoke kitu, alisema mwishoni kwamba angalau hukudanganya jibu. Yule aliyetoka katikati ya maneno yako hakurudi. Nilipeleka barua yake kwake jioni, mkewe akaipokea mlangoni. Wawili wamekwisha kufariki. Zao nimewapa watoto wao. Mmoja wa watoto hao, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliisoma akiwa amesimama barabarani, akaniuliza kama anaweza kwenda kutoa nakala. Nikamwambia atoe hata mia.

Mimi nawe, Mzee, sijui tumefikia wapi. Kuna siku nikipiga pasi nakumbuka barua yako ya mwisho na nashika pasi kwa nguvu mpaka kiganja kinauma. Kuna siku nakumbuka ulivyosimama sebuleni kwangu na kofia yako, na mzee wa miaka yako kusimama vile mbele ya watu si kitu kidogo. Usisubiri nikwambie neno la mwisho, kama nimekusamehe au la. Likija nitakuandikia. Lisipokuja hutasikia kitu, na hutakuwa na sababu ya kulalamika.

Na mimi nina langu. Wewe uliwasingizia watu kumi na wanne kwa siku moja. Mimi nilimhukumu mtu mmoja kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi upya, nikipita mbele ya kibanda chake nimenyoosha shingo. Hakuna aliyenitafsiria vibaya. Alisimama mlangoni akaniambia ukweli kwa Kiswahili.

Nilimwomba radhi Jumapili. Nilikwenda mwenyewe asubuhi, nikasema nilichokuwa nacho, hakikuwa kirefu. Akasikiliza akitazama tairi. Akasema, "Watoto wanakula saa ngapi?" Nikasema saa saba. Saa saba kamili akabisha hodi, amevaa shati la mikono mirefu lenye mikunjo ya kukaa sandukuni.

Pacha walikuwa mezani. Wakasimama kwa adabu, wakasema, "Shikamoo fundi."

Nikawaambia, "Si fundi. Huyu ni baba yenu mdogo. Ndugu wa baba yenu, tumbo moja. Mimi ndiye niliyewaficha."

Wakamtazama. Yeye akatazama mikono yake. Mimi nikajitia kupakua.

Kwanza mwanangu wa kiume akauliza mambo ya baiskeli, breki za nyuma. Wakaongea breki. Ndipo binti, yule aliyefungua kamusi, akaweka kijiko chini akasema, "Baba mdogo, baba alikuwaje alipokuwa kama sisi?"

Hilo sijawahi kuweza kuwajibu, Mzee. Mimi nilimkuta mwanamume mzima mwenye msumeno begani. Walipokuwa wadogo walikuwa wakiniuliza, nikisema alikuwa mtu mzuri, na walipochoka kusikia alikuwa mtu mzuri wakaacha kuuliza.

Shemeji akafikiri. Akasema, "Baba yenu? Mwoga wa mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa jirani. Beberu. Alikuwa akimwona anapanda juu ya tangi la maji, anakaa huko mpaka jua linazama. Siku moja mama akanituma nimwite aje ale. Nikafika nikakuta beberu chini, kaka juu, na kaka anamsomea beberu hesabu za kuzidisha ili apate usingizi."

Watoto wakaangua kicheko. Naye akacheka. Mzee, ule ulikuwa mcheko wa mume wangu, unaoanzia puani kisha unakatika katikati, kama mtu aliyekosa pumzi, halafu unarudi kwa nguvu. Niliusikia kutoka mezani kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimeusahau kabisa, na ulikuwepo muda wote huo, mitaa miwili kutoka kwangu.

Nikachukua bakuli tupu nikaingia jikoni, nikasimama nimeshika sinki. Wakawa wanamwambia, "Tena, baba mdogo, tuambie nyingine."

Akawaambia nyingine.

Mama Pacha